MAONI YETU: SKAUTI SI WABEBA VITI TU

Ndugu wanaushirika,

Kijijini kwetu akija mgeni, neno la kwanza ni "Skauti wako wapi?" Wabebe viti, wachote maji, wasimame juani mpaka hotuba iishe. Wakichelewa kidogo tunawaita wavivu. Hivi kweli hiyo ndiyo kazi yao?

Uskauti ulianzishwa na Baden-Powell huko Uingereza mwaka 1907, na neno lao ni "Uwe Tayari". Tayari kwa shida, siyo kwa sherehe peke yake.

Msimu uliopita, siku ya kupima pamba, mzee mmoja alijikata vibaya mguuni kwa panga pale ghalani. Sisi watu wazima tulibaki kupiga kelele. Vijana wawili wa skauti ndio waliogandamiza jeraha, wakalifunga kwa skafu zao, wakatengeneza machela ya fito na magunia, mzee akafikishwa zahanati. Leo analima. Lakini skafu ziliharibika kwa damu, na hakuna aliyewanunulia nyingine. Mmoja aligombezwa hata nyumbani kwao.

Ndugu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunapendekeza mkutano ujao upitishe chama kinunue skafu mbili, kamba, na sanduku la huduma ya kwanza likae ghalani. Wazazi nao wawaruhusu watoto kwenda kambini kujifunza.

Nanyi vijana, msidai soda kwa kila jema. Tunawategemea.

Kamati ya Gazeti la Ukutani