GHOROFA SI ADUI WA DALA



Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 hutukata shilingi moja na nusu katika kila mia ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Fedha ni zetu, basi na shauri la nyumba hizo ni letu.

Hapa Migori na Homa Bay wengi hawapendi ghorofa. Husema mtu mzima ana dala lake, na chumba cha mjini ni mahali pa kulala tu. Twaiheshimu desturi hiyo. Lakini mji ukijengwa nyumba moja kwa kila kiwanja, ndio unaotambaa na kula mashamba mpaka mlangoni pa dala. Naye kibarua husukumwa mbali, akalipa bodaboda asubuhi na jioni.

Majirani huogopa maji machafu, na hofu hiyo ni ya haki. Familia ishirini kwa choo kimoja cha shimo ni maradhi. Na Homa Bay uchafu hushukia ziwani tunakovua.

Kwa hiyo twadai: mabomba ya maji safi na machafu yatangulie ghorofa, bei iwe ya kibarua, na wapangaji waitwe mipango ya mji inapojadiliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa.

Mkutano ukiitishwa, nendeni. Asiyekuwapo na lake halipo.