Leso Iliyoyeyuka
Mimi hushona mavazi ya maigizo siku za wikendi hapa North York, karibu na njia panda ya Yonge na Finch, kwa raha zangu tu. Sina duka wala mteja. Majuzi nilitaka kumvisha mhusika, bibi wa Mombasa ya zamani, nikaagiza doti ya leso mtandaoni. Ukingoni imeandikwa Mali ya Abdulla, alama ya Kaderdina Hajee Essak, wauza leso wa Mombasa tangu 1887. Pindo lipo, mji upo, jina lipo: sehemu zote tatu za leso. Nikaikata bila wasiwasi. Shangazi alipoishika tu akauliza, "Mbona yateleza hii?" Tukachomoa uzi, tukautia kiberiti. Pamba, niliyoitarajia, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi. Uzi huu ulijikunja, ukanuka plastiki, ukabaki kidonge cheusi kigumu. Nilicheka, lakini kwa uchungu: usiku tatu za cherehani zimekwenda. Muuzaji hajajibu hadi leo, na vazi nimelifumua. Nawe ukinunua kwa picha, mwombe muuzaji achome uzi mmoja mbele ya kamera kabla hujalipa.