Komini isimchagulie mkaaji mti wa kupanda

Mwezi wa nane, Lubumbashi ni vumbi tupu. Mvua ilikatika tangu mwezi wa nne na haitarudi vizuri kabla ya mwezi wa kumi na moja. Mama mwenye parseli ndogo anachota maji ndoo kwa ndoo na kumwagilia lengalenga na matembele, ili watoto wapate mboga ya kulia bukari. Akiambiwa ang'oe mboga hizo apande nyasi za kijani mbele ya nyumba, ati mji upendeze, maji ya nyasi atayatoa wapi?

Swali hilo ni la madiwani wa komini, waliochaguliwa Desemba 2023 katika miji mikuu ya majimbo. Ibara ya 3 ya Katiba inazipa komini uhuru wa kujiendesha. Uhuru huo si ruhusa ya kuingia katika kila parseli na kuamua huu ni mti mzuri, ule ni mbaya. Ibara ya 34 inalinda mali ya mtu. Na Sheria ya misitu ya 2002 inasema wazi kwamba miti iliyo katika shamba la mtu ni mali yake. Kama mwanakijiji analindwa hivyo, mwembe wa mkaaji wa Katuba una kosa gani?

Zipo sababu za kweli za komini kusema neno. Tawi linalolalia waya za SNEL likatwe. Mizizi inayopasua mfereji iondolewe. Na Lubumbashi ina sababu yake ya pekee: moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911 uliacha shaba, risasi na kadmiamu katika udongo wa mitaa kama Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu huko nyasi aina ya Microchloa kunthii, inayovumilia shaba, ili kufunika udongo huo. Kwenye ardhi ya namna hiyo, mboga za majani zinaweza kubeba sumu mpaka kwenye sahani. Hapo kukaa kimya ndilo kosa. Komini ipime udongo, iwaonyeshe wakaaji majibu, ndipo iseme nini kisilimwe.

Lakini urembo? Jacaranda zinazosifiwa kila Septemba zilitoka Amerika ya Kusini. Na mahindi, ambayo kila mara yanashtakiwa kuleta mbu? Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyotuama, na kuzibua mfereji wa barabara si kazi ya mwenye mahindi.

Tena kuna jambo la pesa, ambalo kila mkaaji analijua kabla halijatajwa. Kanuni isiyoeleweka inamzalia agenti mwenye karatasi na muhuri. Ibara ya 174 inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. "Ruhusa ya mti" inayolipiwa mlangoni, bila risiti, haimo humo.

Madiwani waandike kanuni fupi: kando ya barabara na bustani za umma ni za komini, ndani ya parseli, agenti ataje madhara kwa maandishi, atoe muda, asidai faranga. Na mti ukikatwa kwa amri, komini ilete mche mwingine kabla mvua ya Novemba haijaanza.