Fundi wangu, pedi zangu za zamani ziko wapi?

Leo sina umbea wa mastaa. Leo nina hasira. Nimesubiri wiki mbili ipungue, haijapungua, kwa hiyo naiandika hivyohivyo.

Kuna fundi gari mmoja hapa Tabora mjini, jina kapuni. Gereji yake ipo chini ya muembe, na wenye Noah, IST na Spacio wengi wa mji huu washapita pale au washapelekwa na shemeji zao. Ovaroli safi, maneno ya upole. Anajijua. Mwezi uliopita nilimpelekea gari yangu nikamwambia, "Kaka, Ijumaa naenda Singida harusini, nambeba bimkubwa na wanangu wawili. Nikikanyaga breki zinalia. Naomba uniangalizie."

Akaangalia. Pedi za mbele zimeisha, oili ya breki imechoka. Pedi elfu sitini, oili elfu kumi na tano, ufundi elfu thelathini. Jumla 105,000. Nikalipa taslimu. Jioni nikaichukua gari, kimya, hakuna kelele. Nikauliza, "Zile pedi za zamani ziko wapi?" Akacheka. "Dada'angu, uchafu ule unautakia nini? Tumeshatupa. We niamini mimi."

Nikamwamini.

Wanaoijua njia ya Singida wanaujua mlima Sekenke. Kwenda hakukuwa na tabu. Jumapili tunarudi, tunashuka kuelekea Shelui, pedali ya breki ikaanza kuzama. Nakanyaga, inaenda chini kama nakanyaga uji. Mbele yangu lori la mafuta. Nyuma bimkubwa anaimba nyimbo za harusini, watoto wamelala. Nikarudisha gia hadi L, injini ikanguruma kama inataka kupasuka, nikavuta handibreki kidogokidogo, nikaiingiza gari pembeni kwenye changarawe. Ikasimama. Nikataka kushuka, miguu ikagoma.

"Mwanangu, mbona tumesimama?" bimkubwa akauliza. Nikamwambia injini imepata joto, tuipumzishe. Mpaka leo hajui. Mama, kama kuna mtu anakusomea hii, shikamoo, na unisamehe.

Gari ilipopoa breki zikarudi kidogo, tukajikokota hadi Shelui. Fundi mmoja mzee akafungua gurudumu. Hakusema neno, akanionyesha tu. Pedi nyembamba kama biskuti, usoni zimepigwa msasa ili zisilie. Akafungua na kichupa cha oili ya breki: nyeusi kama kahawa. Oili mpya huwa angavu. Akanieleza kwamba oili ile hunyonya unyevu kadiri inavyokaa. Ukishuka mlima mrefu huku umekanyaga breki, joto linaufanya unyevu uchemke, unageuka mvuke ndani ya mabomba, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu, hausukumi kitu.

"Mwanangu," akasema, "hawakubadilisha chochote. Pedi zako za zamani hazikutupwa. Umetembea nazo."

Yaani nililipa laki moja na elfu tano kununuliwa ukimya. Breki zilikuwa zinalia ili kunionya, na mtu akalipwa kuziziba mdomo.

Niliporudi mjini nilimfuata. Alishangaa? Wala. "Dada'angu, spea za siku hizi ni za Mchina, ndo zilivyo, zinaisha haraka." Siku tano tu! Nikamwonyesha ile pedi. Akaigeuzageuza, akamwangalia saidia fundi, akasema, "Huyu dogo atakuwa kachanganya." Dogo mwenyewe hata miaka kumi na saba sidhani kama anayo, akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Maana yule mtoto pale chini ya muembe anajifunza kazi, na somo la kwanza alilopewa ni kubeba lawama za mkubwa. Miaka mitano ijayo atakuwa na muembe wake.

Sasa wadau, mkikaa kijiweni mnasema, "Ah, mafundi ndo walivyo." Mi nakataa. Mji huu hausemwi hivyo.

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Bidhaa zilitoka Bagamoyo zikaja Unyanyembe, nyingine zikaendelea Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, karibu kilo 32, kwa miguu, miezi na miezi. Wanyamwezi walipata sifa pwani nzima kwa sababu ya kazi hiyo. Babu zetu walikabidhiwa mali ya mtu wasiyemjua, katikati ya pori, na wakaifikisha. Leo mjukuu wao anakabidhiwa gari ya jirani yake na haifiki hata Shelui salama?

Na wizi wa kukabidhiwa nao ni wa zamani, tusijidanganye. Oktoba 1871 Livingstone aliingia Ujiji hoi, mgonjwa, akitegemea kukuta vitambaa na shanga alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta aliyekabidhiwa mzigo ameshauuza wote. Sababu? Eti alijua Livingstone ameshakufa! Baadaye akaja na Stanley mpaka hapa Kwihara, akakaa miezi akisubiri wapagazi na vifaa, akaondoka Agosti 1872. Pale Kwihara tunapeleka wageni kupiga picha. Mkienda tena mkumbuke kile kisa cha Ujiji, kwa sababu ndicho cha gereji zetu. Ukishaacha funguo na kuondoka, kwa fundi wa aina ile wewe ushakufa. Anagawa mirathi.

Najua kuna mafundi watasoma hapa na kununa. Nimeongea na wawili ninaowaheshimu, na wana hoja. Wanasema mteja wa Tabora anataka gari ipone kwa elfu kumi. Anakuja na spea aliyoinunua mwenyewe, feki, halafu ikiharibika fundi ndiye mwizi. Anakopa ufundi, anabadilisha njia asionekane. Anasikia gari inachemsha, anaongeza maji ya bomba na kuendelea hadi Urambo, akirudi gasketi imeungua anauliza, "We uliifanya nini gari yangu?"

Kweli kabisa. Na mi nimo humo. Lakini sikia, kaka zangu: mteja akiwa bahili, mwambie, "Kwa hela hiyo siwezi, breki zako ni mbovu, usiende Singida." Ningenuna, ningekusema vibaya kwa shoga zangu, ningepanda basi. Na watoto wangu wasingeshuka Sekenke kwenye gari isiyo na breki. Ubahili wangu hauhalalishi msasa wako.

Na msiniambie hamjui utaratibu. Wakija wa shirika fulani, na yule mheshimiwa mmoja, naye jina kapuni, karatasi inaandikwa. Spea moja moja, bei moja moja, risiti juu. Kwa nini? Kwa sababu wanajua kuna mhasibu atauliza. Sie akina dada tunaopaki wenyewe hatuna mhasibu, tuna "we niamini mimi". Na ukiwa mwanamke ndo kabisa: ukiuliza swali, jibu anapewa mwanaume aliyesimama pembeni yako, hata kama ni muuza karanga.

Nikafikiria kushtaki. Sheria zipo. Sheria ya Mikataba, Sura 345, ina sehemu ya mali iliyokabidhiwa: aliyeipokea lazima aitunze kama mtu mwenye busara anavyotunza ya kwake. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa na huduma, na kuna Tume ya Ushindani, FCC, kwa kazi hiyo. Lakini kila nilipofikiria kwenda, nilijiuliza: nitaonyesha nini? Pedi ninazo, zipo kwenye mfuko jikoni. Karatasi inayosema nililipia mpya sina. TRA wanatuimbia kila siku tudai risiti, sisi tunadhani ni kwa faida ya TRA peke yake. Siku ile risiti ingekuwa yangu.

Kwa hiyo mimi nimeapa, na nawaomba mniige. Kwanza, kabla spana haijagusa gari, iandikwe: kinabadilishwa nini, kwa bei gani. Hata kwenye daftari la mtoto, hata kwa ujumbe wa simu. Pili, kipuri cha zamani ni changu. Nakitaka mkononi, na uchafu wake, na grisi yake, ndipo nalipa. Tatu, boksi la kipuri kipya nalitaka pia. Nne, risiti. Fundi akinuna kwa haya manne, chukua funguo zako uondoke. Ameshakujibu.

Fikirieni kama wateja wa mji mzima tungeuliza swali moja tu: "Ya zamani iko wapi?" Msasa ungekosa kazi. Na fundi mwaminifu, yule anayeshindwa kwenye bei kwa sababu ananunua pedi za kweli, angepata wateja wake. Leo huyo ndiye tunayemwonea zaidi. Tunamwita wa ghali, tunamkimbilia wa muembe.

Na wewe wa chini ya muembe, sijakutaja. Pesa yangu kaa nayo. Ila yule dogo, mfundishe kazi. Mwambie nani alishika msasa ule. Ukishindwa kumwambia wewe, pedi ninazo, nitakuja kumwonyesha mwenyewe.

Wadau, nani mwingine ametembea na "uchafu uliotupwa"? Majina tuyaache kapuni, visa vishushwe.