Gawio Halijitoshelezi

Muungwana aliyeandika kwamba mwenye hisa hana haja ya kujua zaidi ya kiasi cha gawio lake ameghafilika, tena kwa jambo linalogusa akiba za watu. Kwani Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, ililipa gawio la shilingi 1.39 kwa mwaka wa fedha wa 2022, likashuka mwaka uliofuata hadi 1.20, na sababu yake kubwa ilidhihirika kwa yule tu aliyefunua taarifa ya hesabu, akaona gharama za kuanzisha biashara Ethiopia, ambako huduma zilizinduliwa rasmi Oktoba 2022. Tangazo la gawio halikumwambia mwenye hisa hayo, wala halimwambii kama fedha zilizogawanywa zimetokana na biashara au na mkopo.