Ndoto ya mmoja, kikombe cha wengi
Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila wa Samunge, Loliondo, alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa dawa, na maelfu wakapanga foleni kunywa kikombe cha shilingi 500. Mwanafalsafa Thomas Hobbes alishaandika mwaka 1651 kwamba anayedai Mungu amesema naye ndotoni amesema tu kuwa ameota Mungu akisema naye. Hoja kali, ila imeruka jambo: usingizi haumfungi Mungu mdomo. Ninachokubali ni kidogo zaidi: aliyeota aweza kuwa na haki ya kuamini, lakini haki hiyo haihamii kwa jirani yake. Muumini wa Kang'ata au Korogwe atauliza, je, hapo hatujawakana hata mitume, ambao nao walisema Mungu amesema nao? Hasha. Paulo mwenyewe aliwataka Wakorintho wayapime maneno ya manabii wao, na kwa Waislamu ndoto ya mtu wa kawaida haitungi sheria. Tena kikombe kile kiliahidi mambo ya mwili, kisukari na UKIMWI, na damu hupimika hospitalini (foleni, hata iwe ndefu vipi, si kipimo) bila Mungu kuvunjiwa heshima.