Mrija Unahitaji Maji Safi

Saratani ya koo ikimnyima mgonjwa uwezo wa kumeza, mrija hupitishwa puani au tumboni. Baada ya hapo kazi ni ya nyumbani: uji wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama) uchujwe usije ukauziba, mgonjwa aketi wima, mrija usafishwe kwa maji safi kabla na baada ya kila mlo.

Lakini mjini Goma, mashariki mwa Kongo, maji hayo ni shughuli ya kubeba bidoni, na mengi hutoka Ziwa Kivu yakiwa hayajatibiwa.

Tiba ya mionzi dhidi ya saratani hiyo nayo iko mbali. Kigali, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kuitoa mwaka 2019. Kinshasa ni safari ya ndege, na uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025. Mgonjwa apishwe haraka mpakani. Na hospitali zimfundishe mlezi kwanza, si kumkabidhi sirinji tu.